Sufuria ya Walimu

"Mama, nimeandikiwa upishi."

Restituta hakugeuka. Ugali wa watoto mia nne ukishafika pale unapoanza kukaza, msongaji hageuki hata akiitwa na padri. Aliushika mwiko wake mrefu kwa mikono miwili, akaukandamiza chini, akauvuta kuelekea tumboni, akausukuma tena. Ndipo maneno ya binti yake yakamwingia.

"Umeandikiwa nini?"

"Upishi. Chaguo la kwanza upishi, la pili huduma za hoteli, la tatu ushonaji. Wamebandika pale ubaoni, kila mtu anasoma."

Irakoze alisimama mlangoni mwa jiko, viatu vimejaa tope jekundu la njia ya Mugoma, mkononi ameshika simu ndogo ya mama yake. Alimaliza kidato cha nne hapa hapa mwaka jana. Matokeo yalipotoka Januari alikuwa na daraja la pili, B ya fizikia na B ya hisabati, na Restituta aliyabeba matokeo hayo kwenye kanga yake wiki nzima kama mtu anayebeba yai.

"Teddy, njoo ushike hapa," Restituta alimwambia mpishi mwenzake. "Usiache ushike chini." Akaikung'uta mikono. "Si ulisema unakwenda dukani kwa Shibuda kuyaangalia machaguo yako mwenyewe?"

"Nimekwenda. Shibuda amefungua kompyuta, amenionyesha. Mtu alishanifungulia akaunti, na paswedi sina. Ukiomba mpya, namba inatumwa kwenye simu inayoishia na arobaini na saba. Si yetu. Ni ya Mwalimu Bulugu. Na dirisha la kubadili machaguo linafungwa leo."

Hapo inabidi tueleze, maana jambo hili linatia hasira zaidi likielezwa. Kila mtoto wa kidato cha nne hujaza fomu ya machaguo, ile wanayoiita selfomu, kusema anataka kwenda kidato cha tano kusoma nini, au chuo gani. Mwaka jana, mtandao ulikuwa wa kubahatisha na kompyuta ya shule ilikuwa moja. Mwalimu Bulugu, mwalimu wa taaluma, akasema niachieni mimi. Akawaambia wanafunzi sitini na watatu kila mmoja aandike anachotaka kwenye kipande cha karatasi, akikunje, akitie kwenye kiroba. Wazazi wakashukuru. Restituta naye alishukuru, tena siku hiyo alimwekea mwalimu kipande cha nyama cha ziada.

Irakoze aliandika: kidato cha tano, PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, halafu uhandisi wa maji. Hakuna aliyemshawishi. Alipokuwa kidato cha kwanza ulikuja mradi ukaweka bomba jikoni, maji yakatoka wiki tatu pampu ya majaribio ikiyasukuma, kisha yakakauka, na tangu hapo wapishi wanashuka chemchemini na ndoo kama zamani. Mafundi walikuja, wakagonga bomba, wakaenda zao. Siku moja Irakoze aliazima mpira wa maji wa fundi mwashi, ule mweupe wa kupimia usawa wa ukuta, akaubeba mlimani na wenzake wawili, akapima hatua kwa hatua. Akarudi akasema tangi limejengwa chini kuliko jiko, mita moja na nusu nzima, na maji hayawezi kupanda mlima kwa kuombwa. Aliwaambia walimu, wakamwambia akasome. Basi akasoma.

Restituta aliuvuka uwanja kwenda kwenye ubao wa matangazo, unga ungali mikononi. Alimaliza darasa la saba, na anasoma kwa kidole. Kidole kikaacha alama nyeupe kwenye kila jina.

Alianza na la binti yake, kisha akaendelea, kwa kuwa majina yote aliyajua. Alikuwa amewalisha miaka minne. Mtoto wa Shibuda mwenye duka, biashara na uhasibu. Mtoto wa fundi baiskeli, ufundi magari. Mtoto wa katekista, ualimu. Mpwa wa Mwalimu Bulugu, aliyekuwa akiishi kwake, kidato cha tano, sayansi. Na watoto wa wakulima, wote, mstari kwa mstari mpaka chini ya karatasi: kilimo na mifugo, kilimo na mifugo, kilimo na mifugo. Alihesabu arobaini na mmoja. Akimana alikuwemo humo, yule msichana mwembamba aliyekuwa akija kuomba ukoko kila siku na kuula amesimama, huku akisoma karatasi yoyote aliyoikuta imefungia chumvi.

Restituta aliirudia orodha mara mbili. Mara ya pili hakusoma tena majina ya watoto. Alikuwa akisoma wazazi wao.

Mwalimu Bulugu alimkuta hapo hapo. Kijana mrefu, mtu wa watu, shati limenyooshwa vizuri. Tangu aje kutoka Usukumani hajawahi kumpita Restituta bila kumwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwarimu. Hii ni nini?"

"Ah, machaguo hayo. Tumebandika wazazi wayaone. Shule yetu imejaza asilimia mia moja."

"Irakoze hakuandika upishi."

Mwalimu alicheka kidogo, kicheko kizuri kisicho na ubaya, na hicho ndicho kilichomchoma Restituta kuliko yote. "Mama Irakoze, mimi nilikufikiria wewe. Hiyo PCM ni ngumu, wasichana wengi inawashinda. Upishi atapata bila shida. Akikwama, mwalimu anaye nyumbani." Akamgusa bega. "Kwani upishi ni kazi mbaya? Si ndiyo imekulisha?"

"Si mbaya. Ndiyo maana naijua."

"Basi."

"Dirisha linafungwa leo, mwarimu. Ifungue akaunti, abadilishe."

"Leo nina vipindi mpaka saa nane, halafu nina safari ya Biharamulo. Mtandao wenyewe unauona. Tutaliangalia Jumatatu." Akakumbuka kwamba ni Ijumaa, akatabasamu. "Leo ndizi kwa nyama, eeh?"

Akaenda zake darasani. Restituta alibaki amesimama mbele ya ubao. Miaka kumi na mmoja anavuta moshi. Baba yake, mzee Manirakiza, alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili akiwa na jembe moja, akalimia watu mpaka akapata pa kwake. Mumewe, Thobias, alifariki Irakoze akiwa darasa la tano. Aliubeba moshi huo wote peke yake kwa sababu moja tu, mtoto asije akaurithi, na sasa mtu mwenye heshima zake amekaa na kumwandikia mtoto moshi kwa mwandiko mzuri, kisha anamwamkia.

Jikoni Teddy alikuwa ameshaipua ugali, na maharage ya wanafunzi yalikuwa tayari. Kilichobaki kilikuwa kazi ya Ijumaa: sufuria ya walimu. Walimu hupikiwa peke yao, kwenye sufuria ndogo yenye mfuniko mzima, na Ijumaa huwa ndizi kwa nyama. Ndizi zilishamenywa, zimo kwenye beseni la maji zisiwe nyeusi. Moto ulikuwa umeshawashwa.

Restituta alichuchumaa, akatoa kuni moja moja kutoka kwenye figa la walimu, akazisogeza kwenye majivu. Kisha akalibeba beseni, akamwaga maji, akalirudisha ndizi zikiwa kavu.

"Mama Irakoze," Teddy akasema, "zitakuwa nyeusi hizo."

"Acha ziwe."

"Na walimu?"

"Watoto wapakulie, hawana kosa. Sufuria ya walimu leo haiendi motoni." Akageuza ndoo, akaikalia. Teddy alimtazama, akaona uso haupokei maneno, akachukua upawa akaenda kupakua.

Wanafunzi walikula. Kengele ya saa saba ikalia, walimu kumi na wanne wakakaa kwenye meza yao ndefu na kusubiri. Wakasubiri sana. Mmoja akaja kuchungulia, akarudi haraka. Halafu akaja mkuu wa shule mwenyewe, Madam Eustakia, mwanamke wa Kihaya mwenye sauti ya chini ambayo shule nzima iliiogopa.

"Mama Irakoze, unaumwa?"

"Hapana, Madam. Mzima."

Mkuu alizitazama ndizi. Ncha zake zilikuwa zimeanza kugeuka rangi. "Sasa hiki ni nini?"

Restituta alisimama kwa heshima, maana heshima hakuwa amegombana nayo. Akaeleza yote: upishi, simu ya arobaini na saba, Jumatatu. Hakupandisha sauti. Irakoze alikaa kwenye gogo la nje, ameinamisha kichwa.

"Hilo lina utaratibu wake," Mkuu akasema. "Ungekuja ofisini. Huwezi kuwafungia walimu chakula kwa sababu ya mtoto mmoja. Nikikuandikia barua ya kuacha kazi?"

"Andika, Madam. Ila andika kwa mkono wako. Usimpe Mwarimu Bulugu akujazie."

Teddy aligeukia ukuta kuficha kicheko. Kwa kitambo kidogo haikujulikana kama Mkuu atafoka au atacheka. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Si mtoto mmoja," Restituta akaendelea. "Nenda ukasome pale ubaoni. Mtoto wa jembe kapewa jembe. Mtoto wa duka kapewa duka. Mimi nilidhani tunawaleta shule."

Mkuu aligeuka akaenda. Kupitia mlango walimwona amesimama mbele ya ubao, mikono nyuma, muda mrefu kuliko unaohitajika kusoma karatasi moja. Aliporudi alikuwa na Mwalimu Bulugu, na uso wa mwalimu ulikuwa umebadilika.

"Mama, mimi nilikesha siku tatu," alisema hata kabla hajafika. "Watoto sitini na watatu, kwa simu yangu, bando langu. Hakuna aliyekuja kusema mwalimu pole. Mfumo unataka jibu, na siku zinakwisha. Mahali pa kazi ya mzazi palikuwa pamejazwa tayari. Nikatumia hapo."

"Walikuandikia karatasi."

"Waliandika."

"Zilisemaje?"

Mwalimu alikitazama kiatu chake. "Sikuzifungua. Nilisema nitazifungua, lakini kumfungulia kila mmoja akaunti kulinichukua muda wote."

"Ziko wapi?" Mkuu akauliza. "Tuzilete sasa hivi."

"Hazipo, Madam. Kiroba kilikuwa kinajaza nafasi ofisini. Nilikituma huku jikoni. Pamoja na karatasi nyingine za kuwashia moto."

Kila mwisho wa muhula ofisi huleta karatasi zake jikoni, mitihani ya zamani, barua, madaftari, na wapishi hushukuru, kwa kuwa msimu wa mvua kuni mbichi haziwaki bila karatasi. Restituta alikikumbuka kiroba hicho. Alikumbuka hata vile karatasi zilivyokuwa, ndogo ndogo, zimekunjwa mara nne, zinashika moto haraka. Zilimtosha wiki nzima. Alizisukumia chini ya figa moja moja kwa mkono wake huu, na katika mojawapo ya siku hizo, chini ya nyama ya walimu au chini ya maharage ya watoto, aliwasha ya Irakoze.

Alikaa tena kwenye ndoo.

"Hata mimi sikuzifungua," akasema.

Irakoze aliinuka kwenye gogo. Alikuwa hajasema neno mbele ya walimu mchana wote, na sasa alisema kama anavyosema fundi, bila kuzunguka. "Mwalimu, omba paswedi mpya. Namba itakuja kwenye simu yako. Mimi nitaandika."

Mwalimu akatoa simu yake kubwa, akabonyeza, wakasubiri. Simu ikalia. Wote wakainama kuitazama. Ulikuwa ujumbe wa kumkaribisha Burundi.

Kilima hicho ndivyo kilivyo. Ukisimama vibaya simu inavuka mpaka bila wewe, na kila kitu unachotumiwa kinabaki njiani. Mwalimu akatoka nje, akaenda mpaka darasa la mwisho, akarudi. Burundi. Akaenda karibu na nguzo ya bendera. Burundi. Saa nane ikapita, na safari ya Biharamulo ikapita nayo, wala hakuthubutu kuitaja.

"Huko hakushiki," Restituta akasema hatimaye. "Panda kwenye kuni."

"Wapi?"

"Nyuma ya jiko. Juu ya kuni. Wapishi tunapigia simu pale miaka yote. Hamkuuliza."

Basi Mwalimu Bulugu, na shati lake lililonyooshwa, akapanda rundo la kuni nyuma ya jiko, mahali moshi unapotokea. Akainua mkono. Akakohoa, macho yakamtoka machozi, akauhamisha mkono kushoto kidogo kama Teddy alivyomwelekeza. Namba ikaingia. Akaisoma kwa sauti, Irakoze akaishika kichwani, akaipokea simu ya mwalimu, akaanza kuandika huku ameketi kwenye gogo, vidole vikienda taratibu. Kidato cha tano. PCM. Chaguo la pili, chuo cha maji. Chaguo la tatu, chuo cha maji kingine. Kabla ya kutuma alimpelekea mama yake. Restituta akaisoma kwa kidole, neno moja moja, mpaka mwisho, kisha akarudi mwanzo akaisoma tena, kwa sababu siku hiyo alikuwa amejifunza kitu kuhusu karatasi zilizokunjwa.

"Tuma," akasema.

Simu ikarudishwa juu ya kuni, ikazunguka. Ikazunguka sana. Kisha ikaandika kwamba mabadiliko yamepokelewa.

Irakoze hakuruka wala kupiga kelele. Kupokelewa si kuchaguliwa, na majibu yangekuja baada ya wiki nyingi. Alikumbatia magoti yake tu, na mama yake akamwacha.

"Haya," Mwalimu akasema, akishuka kwenye kuni huku akijipangusa. "Namshukuru Mungu. Mama, unisamehe."

"Usishuke, mwarimu."

Restituta alikuwa ametoka jikoni na karatasi mkononi. Ilikuwa ile ya ubaoni, ameibandua na gundi yake, ina alama nyeupe za kidole chake kwenye kila jina.

"Bado hawa."

"Mama, hao wako wengi. Wengine wako mbali, nani anajua walipo? Itafika usiku."

"Kuni zipo."

Mwalimu alimtazama mkuu wa shule. Madam Eustakia alikuwa amevuta kigoda cha Teddy, amekaa, ameweka daftari kwenye mapaja, na kofia ya kalamu ilishatoka. "Anza na hao arobaini na mmoja," akasema. "Na spika uweke, tusikie wote."

Walimu wengine walikuwa wamesogea, mmoja mmoja, kwa njaa na kwa kutaka kujua. Teddy akawapakulia ugali uliobaki na maharage ya wanafunzi. Wakala wamesimama, bila maneno. Kwenye beseni ndizi zilikuwa zimekuwa nyeusi kabisa.

Jina la kwanza halikupatikana. La pili, simu ilipokewa na mama mzazi, akasema mtoto yuko kisimani, atawapigia. La tatu lilikuwa la Akimana. Irakoze ndiye aliyekuwa na namba yake. Akimana alikuwa Nyarubungo, wilaya jirani, kwa mjomba wake, tangu Februari.

Simu ikaita. Mwalimu akaishikilia juu kwenye moshi. Ikapokewa, na kwanza zilisikika kelele za majembe, mengi, ya watu wanaolima kwa mstari.

"Haloo?"

"Akimana. Ni Mwalimu Bulugu."

"Shikamoo mwalimu." Sauti ilikuwa inahema. "Kuna tatizo?"

"Marahaba. Hapana, hakuna tatizo." Akakohoa. Akamtazama Restituta, na Restituta hakumsaidia. "Akimana, nataka kukuuliza kitu ambacho nilitakiwa kukuuliza mwaka jana. Wewe ulitaka kusoma nini?"

Restituta alisogea karibu na rundo la kuni, karatasi imekunjuka mikononi mwake, akasimama chini ya simu. Upande wa pili walimsikia msichana akiwaomba wale aliokuwa akilima nao, kwa sauti ndogo, kwa lugha ya nyumbani, wasimame kidogo apate kujibu. Kisha jembe moja likanyamaza, na la pili, na jingine, mpaka shamba zima likawa kimya.